Ufunguo wa Chumba cha Vikombe

Mke wangu Nkandu alifariki siku ya Alhamisi kabla ya chakula cha mchana, na mkutano aliotakiwa kuhudhuria saa nane ulifanyika kama kawaida. Ulikuwa mkutano wa kamati ya kuongeza wanawake katika idara za ufundi. Kamati ilikuwa na wanaume watupu na Nkandu. Katika kumbukumbu za mkutano huo, ambazo baadaye zilibandikwa ubaoni karibu na lango la mgodi, imeandikwa kwamba Bi. Nkandu hakufika wala hakutoa udhuru.

Aliyeniletea habari ni Zondiwe, msichana aliyekuwa akifanya kazi chini yake. Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni ya mgodi, na saa ile nilikuwa nakaanga samaki. Zondiwe alisimama mlangoni na kofia ngumu kichwani.

"Baba Lubuto, zima jiko."

Nikazima.

"Mama ameanguka kwenye ngazi za ofisi. Presha. Hospitali wamejaribu."

"Wamejaribu nini?"

"Wamejaribu, Baba."

Nikawasha jiko tena, kwa kuwa samaki alikuwa ameiva upande mmoja tu. Zondiwe hakunizuia. Alivua kofia, akaishika tumboni, akangoja upande wa pili uive, kisha tukaondoka.

Nkandu alikuwa mhandisi wa miamba katika Mgodi wa Kasaka. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mwamba uliochimbwa na kutobolewa miaka mingi huchoka, na kabla haujaanguka hulia, ila kwa sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuipata. Kwa hiyo kuna vifaa vilivyochimbiwa ukutani huko chini, wafanyakazi huviita masikio, na nyaya zake zinapanda mpaka kwenye chumba kimoja kidogo juu, ambako kilio cha mwamba huonekana kama mistari kwenye skrini. Nkandu aliisoma ile mistari lakini hakuiamini ikiwa peke yake. Alishuka, akagonga dari kwa mtaimbo, akasikiliza. Dari nzima hulia kama kengele. Dari iliyoanza kuachana hulia kama ngoma. Halafu aliwaambia wanaume wakae au waondoke.

Wengi hawakupenda kuambiwa na mwanamke waondoke, ingawa makwao waliambiwa hivyo kila mwisho wa mwezi. Mwaka wake wa kwanza shaba ilipungua upande wa kaskazini, wakasema mwamba umemwonea wivu mwanamke. Mwaka uleule bei ya shaba ilianguka huko London, na hilo pia wakamtwika yeye. Alinisimulia jioni, mimi nikisonga nshima, ugali wa kwetu.

"Sikujua kama nina nguvu kiasi hicho," alisema, akaomba aongezewe mboga.

Mtaani walisema kwetu mambo yamegeuka, mke anashuka na mtaimbo na mume anashinda na mwiko. Jirani yetu Kapambwe, mpasua mwamba, aliwahi kuniuliza mbele ya watu, "Baba Lubuto, na kitenge je? Mnavaa kwa zamu?"

Nkandu ndiye aliyemjibu. "Chakula cha huyu kinaliwa na mawaziri. Chako wewe, Kapambwe, nani amewahi kukionja akarudi?"

Shida ya mgodi haikuwa mwamba, ilikuwa nguo. Mtu anayeshuka zamu hubadilisha nguo juu na huoga akitoka, na Kasaka ilijengwa na watu ambao hawakuwaza kwamba ipo siku mwanamke angehitaji kuoga. Nkandu alibadilishia nguo kwenye chumba cha taa, wachimbaji wanakochukulia taa za kofia, nyuma ya blanketi lililoshikwa na Mzee Sikazwe, mtunza taa. Mzee aligeuza uso ukutani akaimba nyimbo za kanisa mfululizo, ili kila mtu ajue yuko wapi na anafanya nini. Baadaye kampuni ikaandika kanuni ya kumlinda mwanamke: hakuna mfanyakazi wa kike atakayeshuka zamu mpaka pawepo chumba chake cha kubadilishia nguo. Siku kanuni ilipotiwa saini, Nkandu alikuwa chini. Wakakubaliana kwamba haimhusu.

Alikidai chumba hicho kwa miaka, na mwishowe kikajengwa. Ni chumba kizuri cha matofali, ubavuni mwa chumba cha taa, kina bafu na kioo na ndoano za nguo, na mlangoni pameandikwa WANAWAKE. Waziri alikata utepe. Wiki iliyofuata timu ya mpira ya mgodi ilitwaa kombe, na hapakuwa na mahali pa kuliweka. Tangu hapo kikawa chumba cha vikombe, jezi na nyavu za magoli. Walipokuja wageni kutoka Lusaka vitu vilitolewa, Nkandu akapigwa picha ameshika taulo, kisha vitu vikarudishwa. Picha hiyo ipo kwenye kalenda ya kampuni, mwezi wa Agosti. Alipokwenda kuomba ufunguo aliambiwa chumba ni cha wanawake wote, si chake peke yake, kwa hiyo awangoje wenzake. Wenzake hawakuweza kuja kwa sababu hapakuwa na chumba.

Ndipo akaja Zondiwe. Alitoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi, ni Mngoni wa Chipata, nasi ni Wabemba, watani wao wa jadi. Siku ya kwanza Nkandu alimtazama kutoka viatu mpaka nywele.

"Nitamfundishaje kazi mtu anayekula panya?"

"Utanifundisha taratibu, Mama," Zondiwe alijibu. "Kama nyinyi mlivyofundishwa kuacha nyani, ingawa nasikia bado hamjamaliza somo."

Nkandu alirudi nyumbani siku hiyo akasema amepata mtu.

Kwa kuwa Zondiwe hakuruhusiwa kushuka kama mfanyakazi, Nkandu alimshusha kama mgeni. Kanuni haikuwataja wageni. Kila asubuhi alichukua kadi ya mgeni langoni, mwenyeji wake akaandikwa Nkandu, akashuka na kugonga dari mpaka zamu iishe, akapanda na kuirudisha kadi. Alifanya hivyo miaka miwili na zaidi. Walinzi wa lango walizoea kumwuliza ameionaje Kasaka. Alikuja kuoga kwetu. Wakati mwingine nilirudi kazini nikakuta ovaroli mbili kwenye kamba na wanawake wawili mezani wanagombana kuhusu mstari fulani kwenye karatasi, chakula kimepoa.

Sasa mwenyeji alikuwa amekufa, na mgeni hashuki bila mwenyeji.

Jumamosi tulimleta Nkandu nyumbani kutoka hospitali ili watu wamuage. Wanawake walikaa ndani chini sakafuni, wanaume walikaa nje kuuzunguka moto wa msiba. Mimi niliwekwa kibarazani nikafunikwa blanketi, maana mfiwa hasemi mpaka msiba uishe. Sijawahi kuwa msemaji, kwa hiyo halikuwa jambo gumu. Mwanangu Lubuto alifika kutoka Solwezi akasimama nyuma yangu. Mjomba wa Nkandu, Mzee Chola, ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba.

Meneja wa mgodi, Bwana Kaluba, alikuja na shada na hotuba. Naye ni Mbemba wa kwetu, ila alikaa nje ya nchi muda mrefu. Alisema Nkandu alikuwa nguzo. Alisema kampuni inawathamini wanawake wake wote, akatazama huku na huko kana kwamba anawatafuta. Akamalizia kwa kusema pengo aliloliacha halitazibika kamwe. Hilo la mwisho ndilo lililomtia Zondiwe wasiwasi.

Wakati wa kulitoa jeneza kulipeleka kwenye basi, Zondiwe akatokea upande wa jikoni. Alikuwa amevaa ovaroli ya Nkandu, amejaza mto tumboni, kofia ya Nkandu kichwani, mtaimbo mkononi. Wanawake walioanza kulia wakanyamaza kidogo, kwa sababu mtani akiingia kilio husogea pembeni kumpa nafasi.

Aligonga jeneza mara moja kwa ncha ya mtaimbo, akaweka sikio.

"Linalia vizuri," alisema. "Huyu hajafa. Huyu anakwepa mkutano."

Shangazi mmoja aliangua kicheko kisha akalia zaidi ya mwanzo. Zondiwe akawageukia wabebaji.

"Mtambeba nyinyi? Huyu amekula nyani tangu utoto. Mnajua nyani ana mifupa mizito kiasi gani? Waiteni Wangoni wawasaidie, sisi tumeshazoea kuwabeba Wabemba tangu enzi za vita."

"Vita gani, wakati mlikimbia?" Kapambwe alisema.

"Tulikimbia harufu ya jikoni kwenu."

Kisha akaenda mbele ya mlango wa basi, akalala chali chini, mtaimbo kifuani kama maiti aliyeshika msalaba. Jeneza likasimama. Hakuna anayemruka mtani, na hakuna anayemkasirikia. Anatakiwa kupewa kitu ainuke. Mzee Chola alimletea kuku.

"Kuku nitamla aishe," Zondiwe alisema akiwa amefumba macho. "Nataka kitu kisichoisha. Nataka ufunguo."

"Ufunguo gani, mjukuu wangu?"

"Muulize yule Mbemba mwenye tai."

Watu wote wakamgeukia Bwana Kaluba. Alitabasamu. Aliangalia saa yake, maana maombi makaburini yalikuwa yamepangiwa muda.

"Unataka ufunguo wa gari langu?"

"Nani anataka gari la Mbemba, lina manyoya ya nyani kwenye viti. Nataka ufunguo wa chumba cha vikombe. Nibadilishie nguo humo, nishuke nikagonge dari alizoziacha huyu bibi yenu. Au mnataka nimzike na kazi yake?"

Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao. Nilimwona vizuri kutoka kibarazani. Alicheka kama mtu aliyekumbuka nyumbani.

"Haya, utapewa," alisema. "Inuka, panya wee, unatuchelewesha."

"Umesema mbele ya nani?"

"Mbele ya Nkandu."

"Haya. Umesema." Zondiwe akainuka, akajipangusa vumbi, akashika upande mmoja wa jeneza, tukaenda kumzika mke wangu.

Kwetu moto wa msiba huwashwa na ndugu na huzimwa na mtani. Baada ya maziko mtani humwagia maji, hufagia majivu, watu hutawanyika. Jumapili jioni Zondiwe alikuja na ndoo ya maji, akaiweka chini, akakaa.

"Huzimi?" Mzee Chola alimwuliza.

"Sijalipwa."

Mzee Chola alifikiri kidogo. "Kweli hujalipwa," alisema, akaongeza gogo.

Jumatatu asubuhi Zondiwe alipewa barua kazini akaja nayo kwenye moto, akawasomea wazee. Kampuni, kwa kujali usalama na faraja yake, ilikuwa inamhamishia ofisi ya kumbukumbu, juu, karibu na choo cha wanawake. Nafasi ya Nkandu ingechukuliwa na mhandisi kutoka Lusaka, mwanamume, ambaye angefika mambo yake ya uhamisho yakikamilika. Alipomwuliza Bwana Kaluba habari ya ufunguo, Bwana Kaluba alisema, "Ule si ulikuwa utani, jamani."

Mzee mmoja alitema mate pembeni.

"Mbemba kusema hivyo," Mzee Chola alisema. "Mbele ya maiti. Kwa Mngoni."

"Amekaa sana nje," mwingine alimtetea.

"Hata huko nje watu wanakufa."

Moto haukuzimwa. Nilikaa kibarazani chini ya blanketi nikawasikiliza. Jambo ambalo Bwana Kaluba alikuwa amelisahau ni mkataba wa chama cha wafanyakazi, ambao kampuni iliusaini miaka ya nyuma bila kubishana, na ambao unasema ruhusa ya msiba huisha moto unapozimwa. Ruhusa ni ya ndugu na majirani. Katika kota za mgodi kila mtu ni ndugu au jirani, na wengine ni vyote viwili. Jumanne zamu ya asubuhi ilikuwa na mapengo. Jumatano kampuni ilituletea magunia ya unga, kama ilivyo desturi, na watu wakaongezeka.

Mimi mwenyewe nilikuwa mfiwa, kwa hiyo nyumba ya wageni haikuwa na mpishi. Niliambiwa wageni wa Bwana Kaluba walikuwa wanakula mkate na ndizi.

Lakini kilichomuumiza Bwana Kaluba zaidi ni upande wa kaskazini. Mistari kwenye skrini ilikuwa imeanza kutikisika kidogo, si sana, na hapakuwa na wa kushuka kuigonga dari na kuweka saini. Wasimamizi wa zamu waliwaambia watu waingie, skrini inaonyesha salama. Kapambwe, ambaye hakuwa ameacha kazi siku hata moja isipokuwa wiki hiyo, alipitia kwenye moto akitoka huko, amekataa kuingia.

"Nimewauliza, nani amegonga dari? Wakasema skrini inasema salama. Nikawaambia skrini haina kichwa cha kupasuka."

"Zamani hukutaka kuambiwa na mwanamke," Zondiwe alimwambia.

"Hata sasa sitaki. Lakini nilikuwa natoka, si nilikuwa natoka? Nalalamika huku natoka." Akajisogezea sahani ya kapenta, dagaa wa kwetu. "Wewe gonga, mimi nitalalamika. Kila mtu na kazi yake."

Bwana Kaluba alikuja mara ya kwanza na mbuzi. Zondiwe alimshukuru, akamfunga mbuzi kwenye mpera, akasema mbuzi ni wa wafiwa na hakuombwa. Mara ya pili alikuja na Bwana Mshanga wa uhasibu, ambaye naye ni Mngoni, ili awe ndiye mtani wa kuuzima moto. Bwana Mshanga alifika ameshika ndoo yake mwenyewe. Aliuangalia moto, akamwangalia Zondiwe.

"Dada, wewe ndiye unayedai?"

"Mimi."

"Unadai nini?"

Akaambiwa. Bwana Mshanga akaweka ndoo chini.

"Bwana meneja hakunieleza vizuri," alisema. "Siwezi kuuzima moto ambao mwenzangu anaudai. Nyumbani Chipata watanicheka mpaka wajukuu." Akakaribishwa nshima, akakaa nasi mpaka jioni, na kesho yake akarudi kwa sababu naye sasa alikuwa msibani.

Mbuzi tulimla siku hiyo.

Nimeahidi moyoni kuandika mambo kama yalivyokuwa, kwa hiyo na hili niliandike. Watu wote pale walitaka deni lilipwe, nami nililitaka. Nilimpenda Zondiwe kama mtoto wa nyumbani, na nilijua anachokipigania ndicho Nkandu alichokipigania. Lakini sikuwa na haraka. Moto ukiwaka, mtu amekufa juzi. Watu wanaingia na kutoka wakisema Nkandu alisema hivi, Nkandu alifanya vile, bado jina lake linaitwa kwa sauti ya kawaida. Moto ukizimwa kila mtu anabeba mkeka wake, na mtu aliyekufa anakuwa amekufa. Asubuhi nilipoamka kwanza niliuangalia ule moto, nikikuta unafuka nafurahi.

Mara ya tatu Bwana Kaluba alikuja peke yake, kwa miguu, bila tai. Alikaa juu ya gogo kati ya Kapambwe na Bwana Mshanga. Walimpa kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akanywa. Kisha akamgeukia Mzee Chola.

"Mzee, mimi ni mwanao. Lile lilikuwa utani."

"Ndiyo," Mzee Chola alisema. "Lingekuwa mkataba ningekwambia nenda kwa wakili wako akutafutie mlango wa kutokea. Kwa kuwa ni utani, lazima ulipe."

"Mtani hulipwa kuku."

"Hulipwa anachokubaliwa. Ulimkubalia nini?"

Bwana Kaluba alizungusha kikombe mikononi. "Na vikombe vya timu nitaviweka wapi?"

"Ofisini kwako," Zondiwe alisema. "Wewe si ndiye mlezi wa timu? Wageni wakija watajua wewe ni bingwa."

"Na barua yako ya kuhamia kumbukumbu? Imeshasainiwa."

"Ninayo, nitaichomea mhogo."

"Huyu binti hana adabu," Bwana Kaluba alimwambia Mzee Chola.

"Hana. Ni Mngoni." Mzee alisema hivyo kwa fahari, kana kwamba amemzaa yeye. "Lakini mwanangu, tuache utani kidogo. Nkandu alilidai hilo kwako kwa barua, kwa mikutano, kwa kamati. Alikuwa Mbemba mwenzako, kwa hiyo uliweza kumwambia angoje. Huyu huwezi kumwambia hivyo. Mpe, sisi tukalale."

Bwana Kaluba aliutazama moto. Nadhani alikuwa anaufikiria upande wa kaskazini, au mkate na ndizi. Alimtuma mtu kwa Mzee Sikazwe.

Mzee Sikazwe alikuja na kopo la majani ya chai, akalifungua mbele ya watu, akatoa ufunguo wenye kamba nyekundu. Utepe wa waziri.

"Ulikuwa nao wewe siku zote?" Zondiwe alimwuliza.

"Siku zote."

"Na Mama alikuwa akibadilisha nguo nyuma ya blanketi lako."

"Aliniomba, mwanangu. Kila mara aliniomba. Nikamwambia sina amri." Mzee alifuta macho kwa mkono wa shati. "Nilimshikia blanketi vizuri. Sikuwahi kugeuka."

"Najua, Babu. Alisema pia huwezi kuimba."

Zondiwe hakuuzima moto kwa kupewa ufunguo tu. Alikwenda mwenyewe kuufungua mlango, na wanaume wa pale kwenye moto wakamfuata kwenda kuvitoa vitu. Mimi sikuruhusiwa kutoka, lakini nyumba yetu iko karibu na lango, nikawaona wakitoka. Wiki nzima walikuwa hawajabeba kitu kingine isipokuwa jeneza, kwa hiyo walivibeba vikombe vilevile, wanne wanne, begani, kwa hatua za polepole. Kapambwe alitangulia na kombe kubwa. Nyuma zilifuata nyavu za magoli. Bwana Kaluba alisimama pembeni amevua kofia, nadhani bila kujua.

Waliporudi, Zondiwe alikuja kibarazani akapiga magoti mbele yangu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Mtani humwuliza mfiwa mara moja, na jibu lake ndilo neno pekee ambalo mfiwa hulisema.

"Baba Lubuto," alisema. "Nizime?"

Mbele yangu niliona mikeka, masufuria ya kuazima, Bwana Mshanga na ndoo yake, kamba ya nguo. Ovaroli ya Nkandu ilikuwa imefuliwa na mtu fulani ikaanikwa, mikono ikiwa chini. Ningesema bado, wangekaa. Wangekaa hata wiki nyingine, unga ulikuwepo. Lakini Zondiwe angekaa nao, na dari ya kaskazini ingekaa bila kugongwa.

Hakuniharakisha. Alingoja kama alivyongoja samaki aive.

"Zima," nikasema.

Akamwaga maji. Moto ulilia, moshi ukatufunika wote, wengine wakapata sababu ya kufuta macho. Alifagia majivu mpaka uwanja ukawa kama hapakuwahi kuwa na kitu. Kisha watu wakabeba mikeka yao.

Jumatatu iliyofuata nilirudi jikoni, naye akashuka na zamu ya asubuhi, kwa jina lake, kwa kadi ya mfanyakazi. Aligonga dari ya kaskazini, akawatoa watu. Kapambwe alilalamika, akatoka. Sehemu ile iliwekewa nguzo na siku chache baadaye wakarudi. Mhandisi kutoka Lusaka alifika akakuta kazi inafanyika, akapewa ofisi, na ni mtu mzuri, anapenda samaki wangu. Mwaka huu wameajiri wasichana wengine wawili. Wana ndoano zao humo chumbani. Ovaroli ya Nkandu hawakuiweka kwenye kabati la kioo wala kwenye kalenda. Anaivaa Zondiwe, imemzidi kiunoni, amefunga kamba.

Zondiwe pia ameteuliwa kuingia kwenye kamati ya kuongeza wanawake, badala ya Nkandu. Kamati hukutana Alhamisi saa nane. Saa hiyo yeye yuko chini anagonga dari, na ubaoni karibu na lango huandikwa kwamba hakufika wala hakutoa udhuru.